Naomba ushauri: miswada ya tamthilia za Kiyidishi

Habari zenu wakuu. Niko New York, nasaidia kupanga miswada ya tamthilia za Kiyidishi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, huandikwa kwa herufi za Kiebrania) za enzi za majumba ya maigizo ya mtaa wa Second Avenue hapa mjini. Tangu mwandishi Abraham Goldfaden aanzishe kundi lake la maigizo ya Kiyidishi Romania mwaka 1876, tamthilia nyingi hazikuwahi kuchapwa kitabu, kwa hiyo nakala ya mkono ikipotea, mchezo wenyewe umepotea.

Nyingine ni nakala za yule mtu aliyewakumbusha waigizaji maneno, na hizo ndizo zenye utamu: mistari imekatwa kwa penseli, wimbo umeongezwa pembeni, vipande vimebandikwa juu ya maneno ya awali.

Lakini karatasi ina asidi, imekuwa kahawia, ukikunja kona inavunjika. Pini zimeshika kutu. Selotepu sithubutu kuigusa.

Mliofanya kazi ya nyaraka, nisaidieni. Vile vipande nivipige picha vilivyo, au tusubiri mtaalamu avibandue ili maneno ya chini yasomeke? Na majina ya tamthilia nifuate utaratibu wa YIVO (taasisi ya utafiti wa Kiyidishi) wa kuyaandika kwa herufi za Kilatini, au niweke na za Kiebrania kama yalivyo kwenye jalada? Naelekea kuweka zote mbili.