Tupeane uzoefu: unapimaje mafuta ya mwili nyumbani?

Mleta mada
Wakuu, habari zenu. Nimeanza kunyanyua vyuma na kupunguza kula. Uzito umegoma kushuka, ila suruali zinanipwaya. Nahisi mafuta yanapungua huku misuli ikiongezeka, lakini mizani ya kawaida haiwezi kunitenganishia hivyo viwili. Mnaopima mafuta nyumbani, mnatumia nini, na namba zake mnaziamini kiasi gani?

Mchangiaji wa 1
Mimi nina ile mizani ya kidijitali yenye vibati vya kukanyagia peku. Inapitisha umeme mdogo mno, husikii kitu, toka mguu mmoja kwenda mwingine. Maji yanapitisha umeme vizuri, mafuta yanauzuia. Ikishapima kizuizi hicho, inachanganya na uzito, urefu, umri na jinsia, kisha inakisia asilimia. Ni makisio kweli, maana umeme unapita zaidi miguuni na nyongani. Kifua na mikono haviguswi. Nikiwa nimekaukiwa maji asilimia inapanda, wakati hakuna anayenenepa kwa kiu. Kwa hiyo napima asubuhi, nimeshatoka chooni, sijala wala kunywa. Namba ya siku moja naipuuza kabisa, nalinganisha wastani wa wiki na wiki.

Mchangiaji wa 2
Kina dada tuwe makini zaidi hapo. Siku za kabla ya hedhi mwili unashika maji, na mizani inayumba. Mimi nalinganisha na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, si na wiki iliyopita. Tangu nianze hivyo nimeacha kukata tamaa ovyo.

Mchangiaji wa 3
Mkuu, suruali ikipwaya, nusu ya jibu unalo. Mimi natumia futikamba ya fundi cherehani tu, na sijaona cha kuishinda kwa gharama na uaminifu. Kuna kanuni ya jeshi la wanamaji la Marekani, ya Hodgdon na Beckett, 1984: mwanaume anapima shingo chini kidogo ya koo na tumbo usawa wa kitovu, mwanamke anapima shingo, kiuno pale kinapobana zaidi, na nyonga. Unajaza na urefu wako kwenye kikokotoo, unapata asilimia. Inaweza kukosea kwa asilimia kadhaa, lakini ikikosea leo itakosea vilevile mwezi ujao, na wewe unatafuta mabadiliko.

Kazi iko kwenye mkono. Futikamba iguse ngozi bila kuibana, ilale sawa mbele na nyuma (simama kando ya kioo), na usome ukimaliza kutoa pumzi kawaida. Ukivuta tumbo ndani unajidanganya. Pima mara mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita moja, rudia.

Na hata usipotaka asilimia, hakikisha kiuno hakifiki nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170 asifike 85. Kitambi ndicho chenye hatari zaidi kwa moyo na sukari.

Mchangiaji wa 4
Sisi nyumbani tunatumia kalipa (kifaa kama koleo cha kupima unene wa mkunjo wa ngozi), mke wangu ndiye anayenipima. Kwa wanaume kuna njia ya sehemu tatu ya Jackson na Pollock: kifua, tumbo, paja, zote upande wa kulia. Anabana mkunjo wa ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, anauinua utengane na msuli, anaweka kalipa sentimita moja kutoka vidoleni, anasoma baada ya sekunde moja au mbili huku bado ameushika. Mpimaji awe yuleyule siku zote. Siku shemeji yake alipopima, ilitoka namba nyingine kabisa.

Mchangiaji wa 5
Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani asipande mizani hizo za umeme. Wajawazito nao waziache. Wengi hawasomi karatasi ya maelekezo.

Mleta mada
Asanteni sana. Naenda na futikamba. @Mchangiaji wa 3, nitajuaje kama kinachopungua si misuli?

Mchangiaji wa 3
Ongeza paja na mkono wa juu, uzipime pale pale kila mara, mara moja kwa wiki mbili. Angalia pia vyuma unavyonyanyua. Kiuno kikipungua huku uzito unaonyanyua haujashuka, endelea hivyohivyo. Nguvu zikianza kuporomoka pamoja na mkono na paja, umepunguza kula kupita kiasi. Ongeza protini na upate usingizi.