Subaru Forester SG5: nimefunga kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski ya breki) za pistoni nne, pedeli imekuwa laini na gari inashtuka ikisimama. Naomba ushauri

Mnyalu_Safarini
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu, hili jambo linaninyima raha.

Nina Forester SG5 turbo ya 2004, gia otomatiki. Mwezi wa pili nilikuwa nashuka Kitonga nikitokea Iringa, nyuma ya foleni ya malori. Breki zikapata moto hadi harufu ikaingia ndani, na kwenye kona za chini pedeli ikaanza kuzama. Nikateremsha gia, nikavuta hendibreki, nikasimama pembeni mikono inatetemeka. Mama alikuwa kiti cha mbele. Nikaapa sishuki tena mlima ule na breki zile.

Nikanunua kalipa za mtumba za pistoni nne, za Impreza WRX ya Kijapani, pamoja na diski na pedi mpya. Fundi akafunga, akatoa upepo kwenye mfumo wa breki. Nguvu ipo, sikatai. Ila pedeli inakwenda hadi nusu ndipo inakamata, na ikikamata ni kwa ghafla. Kwenye taa gari inainamisha pua kisha inarudi nyuma kwa kishindo. Mama ana tatizo la shingo. Siku hizi akiona taa nyekundu anashika mkono wa mlango kabla hata sijagusa breki. Fundi anasema breki kubwa ndivyo zilivyo, nitazoea. Ni kweli?

Chuma_Chakavu
Mkuu, masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli) imekuwa ndogo. Pistoni zilikuwa mbili, sasa ziko nne, mafuta yanayohitajika ni mara mbili. Tafuta masta kubwa.

FundiMsasa
Usinunue masta bado. Kalipa yako ya zamani ilikuwa ya kuelea: pistoni ziko upande mmoja tu, lakini zinasafiri mara mbili, kwanza zisukume pedi ya ndani, kisha zivute mwili wa kalipa ili pedi ya nje nayo iguse. Kwenye hii mpya kila upande unasukuma pedi yake. Kwa hiyo ukilinganisha, hesabu pistoni za upande mmoja: mbili kwa mbili. Kama vipenyo vinakaribiana, mafuta yanayotakiwa ni karibu yale yale. Ukiweka masta kubwa pedeli itakuwa fupi kweli, lakini mguu utasukuma kwa nguvu zaidi, na chanzo kitabaki palepale.

Fanya hivi. Gari ikiwa imesimama na injini inawaka, piga pedeli mara tatu harakaharaka. Ikipanda na kuwa ngumu, shuku upepo. Kisha ikanyage na uishikilie kwa nusu dakika. Ikishuka polepole, kuna mahali panavuja au raba za ndani ya masta zimechoka. Halafu chungulia na tochi nyuma ya rimu: skrubu za kutolea upepo ziko juu au chini ya kalipa?

Mnyalu_Safarini
Imepanda kwa pigo la pili. Nikiishikilia haishuki. Skrubu ziko chini, pande zote mbili!

FundiMsasa
Basi kalipa ya kulia imefungwa kushoto na ya kushoto kulia. Upepo hukaa juu. Skrubu ikiwa chini utamwaga chupa nzima na bado kiputo kitabaki humo ndani. Mafuta hayabanyiki, upepo unabanyika, na ndiyo hiyo nusu ya pedeli inayopotea. Wabadilishe pande, watoe upepo upya. Na mipira ya breki (paipu za mpira zinazopeleka mafuta kwenye kalipa), kama ni ile ya 2004, weka mipya. Ikizeeka inavimba ukikanyaga, pedeli inakuwa kama sponji.

Sasa Kitonga. Sidhani kalipa zako za zamani zilikuwa na kosa. Mafuta ya breki yananyonya unyevu. Daraja la DOT 3, yakiwa mapya, yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205, yakishalowa kiwango hicho kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanyika kama upepo. Uliyabadilisha lini?

Mnyalu_Safarini
Tangu ninunue gari, miaka minne, sijawahi. Nilikuwa naongeza tu.

FundiMsasa
Mwaga yote, weka DOT 4. Na mlima ule ushukie gia ya pili tangu kileleni, usisubiri harufu.

Dada_Usukani
Naongezea kuhusu kushtuka, maana mimi nabeba wagonjwa. Pedi zenye chuma kingi huzidi kukamata kadiri gari inavyokaribia kusimama. Ukiacha mguu na uzito uleule hadi mwisho, gari inasimama ghafla, springi za mbele zilizobanwa zinaachia kwa pamoja, kichwa cha abiria kinarudi nyuma. Tairi zikibakiza kama mzunguko mmoja, legeza mguu taratibu hadi ubaki na uzito wa kushikilia tu. Anza kupunguza mwendo mapema ili ubaki na nafasi ya kulegeza.

Pedi mpya nazo zizoeshwe diski kwanza: barabara tupu, toka 60 hadi 15 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha zipoe. Ukisimama na kukanyaga zikiwa za moto, pedi inaacha alama kwenye diski na utaanza kuhisi mtetemo.

Mnyalu_Safarini
Mrejesho. Kalipa zimebadilishwa pande, mipira mipya, DOT 4. Pedeli inakamata juu kabisa, na sasa naweza kuipima kwa kidole gumba cha mguu. Jana nilimpeleka mama kliniki, mikono yake ilikuwa mapajani safari nzima. Chuma_Chakavu na wengine, asanteni sana. Kimebaki kilio chembamba asubuhi, breki mbili tatu za kwanza. Niogope?

FundiMsasa
Kama kinaisha zikipata joto, hapana. Paka grisi ya breki kidogo mgongoni mwa pedi, pale pistoni zinapogusa. Usoni mwa pedi isifike hata tone.