Kampuni inanihamishia Chicago Januari na familia, nisaini nyumba kabla sijafika?

MgeniMtarajiwa
Wakuu habari zenu. Kampuni yangu inanihamishia ofisi yao ya Chicago, viza yangu ni L-1 (ya mfanyakazi anayehamishwa na kampuni yake), mke na mtoto wa miaka 6 wanakuja kwa L-2 (ya familia yake), tunatua katikati ya Januari. Hoteli wanalipia siku 14 tu, baada ya hapo nijitegemee. Sa kuna dalali nimempata mtandaoni kanionyesha apatimenti kali karibu na ziwa, anataka nisaini miezi 12 na nitume kodi ya mwezi wa kwanza kabla sijapanda ndege, eti nikichelewa inachukuliwa. Nisaini? Alafu hii historia ya krediti, yaani rekodi ya unavyolipa madeni, kila mtu anaitaja, mi sijawahi kuishi Marekani hata siku moja, nitaitoa wapi? Na gari je, ninunue mapema?

Dirisha_la_Reli
Mkuu usitume hata dola moja. Januari ndo mwezi mbovu kabisa wa mtu kukutisha kwamba nyumba itachukuliwa, Chicago watu wanahama masika na kiangazi, baridi ikikolea nyumba zinakaa tupu na wenye nyumba wanakuwa wapole ghafla. Chukua sehemu ya kulipia kwa mwezi, ukae, uzunguke. Mi ya kwanza nilisaini kwa picha, kufika nakuta treni ya L, yaani treni za jiji, inapita usawa wa dirisha la chumbani, na ilikuwa njia ya Blue Line, ile haina usiku, inatembea masaa 24.

Krediti wengi hapa tulianza na sifuri. Beba barua ya mwajiri yenye mshahara, wengi wanataka uwe unaingiza kama mara tatu ya kodi. Kampuni kubwa za kupangisha ni kompyuta ndo inaamua, huna krediti unatupwa nje, ila wale wenye vijumba vya gorofa mbili tatu unaongea nao wanakuelewa. Ukishapata namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya serikali) fungua benki, omba kadi ya krediti ya dhamana, yaani unaweka hela yako mwenyewe mfano dola 300 na hiyo ndo inakuwa limiti, unanunulia vitu vidogo unalipa yote kila mwezi, baada ya kama miezi sita alama zinaanza kuonekana.

Na ukiona wanakuambia hakuna dipositi ila kuna ada ya kuhamia, usidhani umeokota. Dipositi sheria ya jiji inawabana, lazima wakulipe riba na wakichezea wanapigwa faini, ndo maana wengi wakahamia kwenye ada, ambayo hairudi.

mama_wa_mapacha
Kaka naongezea na kusahihisha kidogo. Hao wenye vijumba vidogo, kama mwenyewe anaishi humohumo na jengo halizidi nyumba 6, ile sheria ya wapangaji ya jiji haikulindi, kwa hiyo soma mkataba mstari kwa mstari. Ila hita ni haki yako popote: kuanzia 15 Septemba mpaka 1 Juni, kama joto liko mikononi mwa mwenye nyumba, ndani mchana lisishuke chini ya nyuzi 68 za Fahrenheit na usiku 66, akizembea unapiga 311, namba ya huduma za jiji. Uliza pia hita iko ndani ya kodi au unalipa wewe, maana bili ya gesi ya Januari inaweza ikakutoa machozi.

Mtoto shule ya serikali ni bure na anapangiwa kwa anwani, ndo maana usikimbilie nyumba kabla hujajua shule yake. Njoo na cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo, viza yenu hawana ruhusa kuiulizia.

Wifi yangu naye mwambie mkitua aangalie I-94 yake (rekodi ya kuingia Marekani) mtandaoni, iandikwe L-2S. Hiyo S ndo ruhusa yake ya kazi, hasubiri kibali kingine. Ikikosekana afuatilie mapema, mi ilinichelewesha kazi wiki kadhaa kwa uzembe tu wa kutoangalia.

koleo_la_theluji
Gari subiri. Ukikaa karibu na stesheni halina kazi, ni gharama tu: stika ya jiji, bima, na kuna barabara kubwa kuanzia 1 Desemba mpaka 1 Aprili hairuhusiwi kupaki saa 9 usiku mpaka saa 1 asubuhi, theluji iwepo isiwepo, wanalivuta. Na ukikuta kiti kibovu kimewekwa kwenye paking iliyofukuliwa theluji usikiguse bana, kuna mtu alitoa jasho pale. Leseni ya Illinois una siku 90 toka uwe mkazi, anza na ule mtihani wa maandishi.

MgeniMtarajiwa
Asanteni sana wakuu. Nimemwomba dalali anipigie video akiwa mlemle ndani afungue bomba na madirisha, kasoma, kimya toka jana. Makoti tununue huku au huko?

mama_wa_mapacha
Huko huko mkifika, ya kwenu hayatatosha. Ila msishuke uwanja wa ndege wa O'Hare na raba za kitambaa, mtoto hasa. Soksi nzito mbilimbili kwenye begi la mkononi, sio lile la chini.