Naomba ushauri: nyumba ya bure, sharti uihamishe

Habari zenu ndugu, hasa mlioko Marekani na Kanada.

Hapa Seattle kuna mtu anataka kujenga upya kwenye kiwanja chake, na nyumba ya mbao iliyopo anaitoa bure kwa atakayeihamisha. Kwake ni nafuu kuliko kulipia kuibomoa. Mimi na mke wangu kodi imetulemea, na tuna kiwanja nje ya mji, hivyo tumeshawishika.

Kazi yenyewe naielewa: nyumba inapandishwa kwa jeki, inapitishiwa mihimili ya chuma chini, kisha trela. Wala si jambo geni huku. Kule visiwa vya San Juan, humu humu jimboni Washington, nyumba zilizokuwa zibomolewe Victoria, Kanada, zilivushwa kwa tishari zikawa makazi ya bei nafuu.

Kinachonitia tumbo joto ni gharama. Bure ni nyumba tu! Kuna vibali, msingi mpya, mfumo wa majitaka, na kuinua nyaya za umeme njiani. Paa lenyewe limekwenda juu, huenda likabidi likatwe. Tena imejengwa kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye madini ya risasi, kwa hiyo rangi yake inaweza kuwa nayo.

Aliyewahi kufanya hili, benki ilikubali kukukopesha kabla nyumba haijakaa kwenye msingi? Na nianze na mkaguzi wa nyumba, au kampuni ya kuhamisha ipime njia kwanza? Mwenye nyumba anataka jibu mwisho wa mwezi.