Tupeane uzoefu: Unatambuaje taka za kazini kuwa hatarishi kabla ya kuzitupa?

Mtu wa Stoo
Wakuu, tuweke hapa njia zinazofanya kazi. Naanza. Usiulize tu "hiki ni nini?", uliza "kimetumika wapi?". Tambara lililofuta vumbi na tambara lililofuta tina (kiyeyushi cha rangi) yanafanana kwa macho, ila pipa lake si moja. Fungua karatasi ya usalama ya kemikali: sehemu ya 2 inataja madhara, ya 9 inatoa pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali) na joto la kushika moto, ya 13 inahusu utupaji. Lakini karatasi hiyo inaeleza bidhaa ikiwa mpya. Kiyeyushi kilichosafisha vyuma vyenye kromu kimeshabeba kromu, metali yenye sumu, na karatasi haitakuambia hilo.

Maabara
Kwa vimiminika vya maji, pima pH. Ikiwa 2 au chini ya hapo, hesabu kuwa kinaunguza. Upande wa juu mpaka unatofautiana: Marekani ni 12.5, Ulaya 11.5, kwa hiyo soma sheria ya nchi yako. Kimiminika chenye rangi nzito hupaka karatasi ya kupimia ukasoma uongo; hapo tumia mita. Petroli na tina usizipime pH kabisa, jibu lake halina maana.

Na tafadhali, msizimue kwa maji ili namba ikae vizuri. Metali ya risasi (ledi) au kromu iliyomo inabaki ileile, umeongeza ujazo tu, na nchi nyingi zinakataza.

Fundi Rangi
Kwa vinavyowaka, mpaka unaotumika sana ni nyuzi 60 za Selsiasi: mvuke ukishika moto chini ya hapo, ni hatarishi. Tina na petroli zinaingia bila mjadala.

Matambara ya mafuta ya kitani yanastahili onyo la peke yake. Mafuta hayo yakikauka yanavuta oksijeni na kutoa joto. Yakiwa yamekunjwa na kurundikwa, joto halina pa kutokea, na rundo linawaka lenyewe bila kiberiti. Yatie kwenye kopo la chuma lenye maji, kisha funika.

Mtu wa Stoo
Na mafuta machafu ya injini?

Karakana
Yawe na pipa lake. Kisafisha breki chenye klorini kikiingia humo, hata kidogo, pipa zima la lita 200 linaweza kukataliwa na wanaorejeleza, na gharama ya kulitupa inapanda. Andika lebo siku tone la kwanza linapoingia: kilichomo, kilikotoka, tarehe. Pipa lisilo na jina hulipiwa vipimo vya maabara kwanza.

Fundi Umeme
Taa za mirija za florisenti (si za LED) zina zebaki, usizivunje ili zitoshe kwenye pipa. Zirudishe kwenye boksi zilizokuja nalo. Betri za lithiamu, bandika tepu kwenye ncha zake kabla ya kuzihifadhi, zisigusane zikapiga shoti.

Maabara
Nimesahau moja: asidi ya nitriki isikutane na alkoholi wala asetoni kwenye chupa ya taka. Zinaendelea kutoa gesi hata saa kadhaa baada ya kuchanganywa, na kifuniko kikiwa kimekazwa chupa inapasuka. Tenga chupa yake, weka kifuniko kinachopumua, yaani kinachoruhusu gesi kutoka.