Mrejesho: yule paka mweupe mwenye vidonda masikioni

Wakuu, salaam. Niliwaomba ushauri kuhusu paka wangu mweupe pee, ncha za masikio zilikuwa nyekundu, zinatoa magamba, na la kushoto lina kidonda kisichofunga. Nilidhani ni utitiri, nikapaka dawa yake mwezi mzima bure.

Aliyesema "hilo ni jua, wahi kwa daktari wa mifugo" alipatia. Paka mweupe hana rangi ya kukinga ngozi ya masikio na pua, na manyoya pale ni haba. Jua la Dodoma mnalijua. Kipande cha sikio kilipimwa: saratani ya ngozi, bado changa. Ncha ikakatwa. Sasa ana sikio moja fupi kama tiketi iliyochanwa, ila anakula na kugomba kama zamani.

Ushauri wa kumfungia ndani kuanzia saa nne hadi saa kumi, jua likiwa kali, nimeufuata, ingawa siku za kazi huwa anatoroka. Nilimkuta pia anaota jua dirishani. Kioo hakizuii miale yote, nikaweka pazia zito. Mafuta ya kukinga jua yameshindikana, anayafuta kwa mguu na kulamba. Yale ya watoto yenye zinki daktari aliyakataa kabisa, paka akiyalamba yanamdhuru.

Sikio la kulia lina miezi mitatu bila gamba. Kila mwezi nalikagua kwa tochi. Asanteni sana, na wewe uliyenifokea kwa kuchelewa, nimekusamehe.