Taya linalia ko! nikifungua mdomo ila eksirei inasema niko safi

Mla Miwa:
Wakuu habari za jioni. Taya la kulia mwezi wa nne sasa linalia ko! kila nikipiga mwayo au nikitafuna kitu kigumu, miwa ndo nishaiaga. Afadhali wiki hii limetulia, sema naliona zito zito. Nilipigwa eksirei ile unang'ata kidude mashine inakuzunguka kichwa, majibu eti mifupa iko safi. Sasa naambiwa nikapige MRI, hivi ni lazima au ndo tunatafutiana hela tu?

Fundi Meno:
Mkuu eksirei haijakudanganya, ila umeiuliza swali lisilo lake. Ile inaona mifupa na meno, tena umepigwa umetulia tuli wakati shida yako inatokea taya likitembea. Weka kidole mbele ya sikio ufungue mdomo taratibu, hicho kinachoondoka ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, mwanzo kinazunguka palepale halafu kinateleza kuja mbele, na juu yake kuna kisahani cha gegedu kama kofia kinachotakiwa kwenda nacho. Kofia ikitangulia mbele, ukifungua mdomo kichwa kinairukia kuirudia, ndo hiyo ko! yako. Siti skani nayo mifupa itakuonyesha vizuri sana ila kisahani wapi! MRI ndo inakiona, na haina mionzi.

Mama Pacha:
Na uhakikishe wanakupiga mara mbili, mdomo umefungwa na mdomo wazi. Mimi kuna sehemu walinipiga nimefunga tu, daktari kuziona akasema hizi nusu, rudi, maana bila ya mdomo wazi hajui kisahani kimerudi mahali pake au kimebaki hukohuko. Ya pili wakanipachika kidude nikae nimeachama, wee, mate mpaka shingoni na hutakiwi kutikisika 😂 Kuna na wanaopiga kidogo kidogo, unafungua hatua kwa hatua halafu picha zinaunganishwa kama sinema. Ukiwa na waya za meno sema mapema, zinaharibu picha.

Mla Miwa:
Kwahiyo kila mwenye ko! akapige? Bei yake naijua mimi.

Fundi Meno:
Hapana. Hata wasioumwa kabisa, kama theluthi hivi ukiwapiga MRI unakuta kisahani kimehama, na wanakula mahindi ya kuchoma kama kawaida. Mlio bila maumivu mara nyingi unaachwa tu. Simamisha vidole vyako vitatu kati ya meno ya mbele, juu na chini, vikiingia tulia. Ninachokiogopa mimi ni mlio kupotea ghafla halafu mdomo ukaanza kugoma kufunguka, watu wanadhani wamepona kumbe kisahani kimekwama mbele na kichwa hakikipandi tena.

Mla Miwa:
Nimejaribu hapa mbele ya kioo. Viwili vimeingia, cha tatu kimegoma kabisa na nikilazimisha panauma. Na mimi nilivyokuwa nafurahi wiki nzima kimya. Kesho asubuhi naenda.

Mama Pacha:
Nenda, na ile eksirei ya mwanzo ibebe.